Ndege Zilizokunja Mabawa

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuitazama milima yetu kutoka juu, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Ilikuwa katika ofisi ya misitu pale Lushoto, chumba cha ramani, miaka michache baada ya Azimio. Ndege ya serikali ilikuwa imepita juu ya Usambara ikipiga picha, na picha hizo zililetwa kwetu ndani ya makasha ya bati. Tulizipanga mezani mbili mbili chini ya chombo chenye lenzi mbili na miguu minne. Ukiinama, ukatuliza macho na kusubiri kidogo, karatasi ile tambarare ilianza kuinuka. Mabonde yalizama, vilele vikachomoza, na miti mikubwa ya mkulo ya msitu wa Shume ikasimama kila mmoja na kichwa chake, hata ukatamani kunyoosha kidole uiguse.

Tulichotakiwa kusema ni hiki: huu ni mkulo, hii ni mikaratusi ya kupandwa, hapa mtu amelima akavuka mpaka wa msitu. Tulichora mipaka kwa wino, na ramani zikapelekwa Tanga na Dar es Salaam. Mzee aliyetupikia chai ofisini alituambia kwamba kabla ya Uhuru Mwafrika aliingia chumba kile kufagia tu, na wakati wa kufagia alitakiwa kutazama sakafu. Sasa tulikuwa watatu mezani: Bwana Misitu mwenyewe, mtu wa Iringa aliyesomea kazi hiyo ng'ambo; mwenzangu mmoja kutoka Bungu; na mimi, binti wa mkulima wa viazi na kabichi wa Lukozi.

Baba alikuja kuniona mwezi wangu wa kwanza kazini. Alivaa koti la kanisani, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Bwana Misitu aliinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamvutia kiti changu, akamwonyesha namna ya kuinama. Baba alitazama kwa muda mrefu, akasogeza kichwa, akatazama tena. Mwisho akaniuliza kwa Kishambaa kama lile doa jeusi kando ya njia ndio mpeasi wetu, ule alioupanda babu. Nikamwambia ndio. Akaaga akaondoka. Lakini mama alinisimulia kwamba Jumapili ile, ibada ilipokwisha, nusu ya usharika walikwisha kujua kuwa mpeasi wetu umo katika ramani ya serikali.

Masika ilipofika ukungu ulishuka mpaka madirishani. Bila mwanga mzuri picha zetu hazikusomeka, tukawa tunakaa tu tukipasha mikono kwa vikombe vya chai. Siku moja ya namna hiyo mwenzangu wa Bungu alifungua droo ya chini ya kabati moja kuukuu, akatoa bunda la kadi lililofungwa kwa uzi. Kila kadi ilikuwa na ndege ya kivita iliyochorwa nyeusi tupu, kama kivuli: ilivyo ukiitazama kutoka chini, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Nyuma paliandikwa jina lake. Chini kabisa zilikuwamo kadi za manowari, na chache kati yake zilikuwa za namna ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa meli ndefu iliyo bapa juu kama meza, yenye kijumba kimoja na dohani, navyo vimesukumwa pembeni upande wa kulia.

Bwana Misitu alizijua mara moja. Alituambia kwamba Mzungu aliyemtangulia alijifunza kusoma picha za anga wakati wa vita, na kadi kama hizo ndizo walizofundishiwa askari kuitambua ndege kwa umbo lake kabla haijafika juu ya vichwa vyao.

"Na hii meli bapa?" nikauliza.

"Hiyo inabeba ndege. Zinaruka kutoka juu yake na kutua juu yake."

Mwenzangu alicheka. Bwana Misitu hakucheka.

"Jifunzeni," alisema. "Atakayeweza kuzitofautisha hizi kwa kivuli tu hatakuja kuniuliza tena mti upi ni upi."

Tukajifunza masika nzima. Mmoja alishika kadi, mwingine akataja jina, na aliyekosea alikwenda kuchota maji ya chai. Kwenye ndege za Wajerumani mwenzangu alinishinda vibaya. Kwenye ndege za baharini hakuniweza. Sijui kwa nini nilizipenda zile. Labda kwa sababu ya majina yake. Kulikuwa na mbili zilizofanana kama ndugu, zote zina mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine kama rafu za kabati, na zote zimepewa majina ya samaki. Moja iliitwa Swordfish, samaki mwenye upanga mdomoni. Nyingine iliitwa Albacore, ndiye jodari. Nilizitenganisha kwa kitu kimoja tu: Albacore ilikuwa na kijumba cha kioo juu, lakini Swordfish ilikuwa wazi, rubani na wenzake vichwa nje kwenye upepo. Ya tatu ilikuwa fupi na nene kama pipa, jina lake Martlet, ambalo ni aina ya mbayuwayu. Hiyo ilikunja mabawa yake kuelekea nyuma, yakalala ubavuni. Nilizijua hizo tatu kama nilivyowajua mbuzi wa nyumbani.

Sasa niseme habari za shangazi yangu.

Alikuwa dada yake baba, akiishi kwetu Lukozi katika nyumba yake ndogo nyuma ya yetu. Aliolewa Mlola akiwa binti mdogo, na haukupita muda mumewe akachukuliwa vitani. Hakuwa askari wa bunduki. Alikuwa katika kikosi cha wafanyakazi, wale waliobeba mizigo, wakachimba barabara, wakapakia meli, nao wakavaa kaki kama wenzao. Vita ilipokaribia kwisha jumbe wa Mlola aliitwa bomani Lushoto akarudi na habari ya mdomo: amepotea baharini. Baadaye mtu mmoja wa kijiji kilekile alirudi kutoka jeshini akiwa na picha. Alisema mume wa shangazi alimkabidhi picha hiyo walipoachana Mombasa. Mtu huyo alirudi na ugonjwa wa kifua, akazikwa kabla watu hawajamaliza kumuuliza.

Picha ilionyesha wanaume wamekaa chini safu mbili, wamevaa kaptura. Mume wa shangazi alikuwa mwisho wa safu ya nyuma, amekunja mikono kifuani, kidevu juu. Nyuma yao kulikuwa na ndege.

Ndege hizo ndizo zilizoleta taabu. Mume wa shangazi alikuwa na mdogo wake, naye alipoiona picha alisema, "Hapa ni uwanja wa ndege. Mtu wa uwanja wa ndege anapoteaje baharini?" Akasema kaka yake yuko Nairobi, amepata kazi uwanjani huko, na bila shaka amepata na mke mwingine, na ipo siku atarudi. Neno hilo likashika. Mlola nzima ikaliamini, kwa kuwa kila mtu aliweza kuziona ndege kwa macho yake mwenyewe, na bahari hakuna aliyeiona. Kwa hiyo hapakukaliwa matanga na wala ibada haikufanywa. Shangazi alibaki si mke na si mjane. Wanawake wenzake walimhurumia kwa sauti ya kusikika, na kuhurumiwa ndiko alikokuchukia kuliko yote. Mwishowe alifunga vyombo vyake akarudi kwa kaka yake, picha ikiwa katikati ya nguo.

Aliitia kwenye kioo, akaitundika ukutani. Ukimuuliza juu ya mumewe alijibu jibu moja: "Mimi niliambiwa bahari."

Nilikua nikiiona picha ile. Nilimjua yule bwana aliyekunja mikono kuliko nilivyowajua baadhi ya jamaa walio hai. Ndege sikuwahi kuzitazama. Kwa mtoto zilikuwa ndege tu.

Masika ilipokwisha nilipata ruhusa nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikwenda kumwamkia shangazi. Aliniitikia, akanipa uji wa moto, nikakaa kwenye kigoda nikiwa nimeuelekea ukuta. Niliinua kikombe, nikatazama picha, na kikombe kikasimama njiani.

"Shangazi, naomba niishushe ile picha."

"Imechafuka?"

"Hapana. Nataka kutazama ndege."

"Kila mtu anatazama ndege," alisema. "Hakuna anayemtazama yeye."

Lakini aliishusha mwenyewe, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaniletea. Nilitoka nayo nje kwenye mwanga. Nyuma ya kichwa cha mtu wa tatu kulikuwa na pua nene kama pipa, na ubavuni mwake bawa limelala kuelekea nyuma. Kando yake ilikuwapo nyingine, na nyuma ya hizo ndege ya mabawa mawili mawili, nayo imeyakunja.

"Shangazi, ndege hizi zimekunja mabawa."

"Labda zimechoka."

"Ndege ya uwanjani haikunji mabawa. Uwanjani nafasi ipo. Hizi zimekunja kwa sababu zinabanana mahali pembamba."

"Mahali gani?"

"Juu ya meli."

Alinitazama. Nilijua anatafuta nini usoni mwangu.

"Usiniambie jambo kwa kunihurumia," alisema.

"Sikuhurumii. Nipe niende nayo ofisini, kuna lenzi kubwa. Nitakachokiona nitakuambia, na nisichokiona nitakuambia pia."

Aliifunga kwenye kanga mbili, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Njia nzima ya kurudi Lushoto, nikiwa nyuma ya lori la kabichi, niliipakata.

Ofisini nilimwonyesha mwenzangu wa Bungu kwanza. Tulitoa picha kwenye kioo, tukaiweka juu ya meza ya dirishani, tukatandaza kadi zetu kando yake. Zile fupi nene hazikutugombanisha: Martlet, mabawa yamelala. Tuligombana juu ya ile ya nyuma.

"Albacore," alisema.

"Swordfish."

"Utajuaje? Inaonekana nusu."

"Nusu inatosha. Tazama hapa juu ya mgongo. Kuna kioo?"

Aliinama na lenzi. Alikaa hapo kiasi cha mimi kuanza kuwa na wasiwasi.

"Hakuna kioo," akasema. "Kuna ukingo tu, kama wa kikapu."

"Basi."

"Basi nini? Pengine kioo kimefunguliwa."

Tulimwita Bwana Misitu. Alizitazama kadi, akatazama picha, akasema ni Swordfish, kisha akasema jambo lililonifanya nikae chini: ndege hata zikiwa za baharini huweza kuwekwa uwanjani nchi kavu. Mabawa ya kukunja yanaonyesha ni ndege ya namna gani, lakini hayaonyeshi ilikuwa wapi siku ile.

"Unataka kumwambia mama huyo kwamba hii ni meli," alisema. "Basi sahau ndege. Nionyeshe meli."

Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki. Nikaanza upya, kama ninavyosoma mlima: kona kwa kona, bila kutazama kinachovutia macho. Sakafu waliyokalia haikuwa na jani wala jiwe. Nyuma ya safu ya pili niliona waya uliokazwa, umekatiza sakafu kutoka upande hadi upande. Hilo lilikuwa jambo geni, lakini sikujua maana yake. Kisha nikafika pembeni kushoto, juu ya kichwa cha mume wa shangazi, ambako kulikuwa na eneo la kijivu hivi, limetanda mpaka kwenye minazi midogo kwa mbali. Watu wote waliowahi kuiona picha ile walisema hapo ni changarawe ya uwanja. Na mimi ningesema hivyo.

Ndani ya kijivu kile kulikuwa na kidoa cheupe kidogo kuliko punje ya mtama. Niliweka lenzi juu yake. Kilikuwa mashua. Ilikuwa na watu wawili, mmoja amenyoosha kasia, na chini ya mashua ilionekana taswira yake ikiwa imegeuka juu chini, kama inavyokuwa kwenye maji tu.

Na nikaona jambo jingine ambalo labda mtu wa kazi nyingine asingeliona. Ile mashua niliiona kutoka juu. Niliona ndani yake, mabao ya kukalia, mgongo wa mpiga kasia. Wanaume wale hawakuwa ufukweni. Walikuwa wamekaa juu sana, juu ya maji, kwenye sakafu pana iliyosimama hapo kama ghorofa.

Nilimpa Bwana Misitu lenzi, nikamwonyesha mahali kwa ncha ya sindano. Alitazama, akamwachia mwenzangu, naye akatazama. Kisha Bwana Misitu akaniita kwa ubini wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Hiyo ni meli."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimepewa vyeti, na kimoja kimetundikwa ukutani. Lakini sauti ile ya Bwana Misitu ndiyo ninayoihesabu kuwa cheti changu cha kwanza.

Ulibaki ule waya. Mwenzangu alisema baba yake alikuwa askari wa kweli, aliyepigana Madagaska, nchi ambayo watu wa pwani waliiita Bukini. Jumamosi moja alinichukua kwao Bungu. Tuliteremka Mombo, tukashika basi la Korogwe, tukapanda tena milimani kwa lori, na sehemu ya mwisho kwa miguu kati ya mashamba ya chai. Mzee alikuwa anapalilia mahindi. Alinawa mikono, akaitikia shikamoo zetu, akakaa na picha magotini.

Hakuhitaji lenzi. Aliweka kidole juu ya waya.

"Ndege inakuja kutua, ina kulabu chini ya mkia. Kulabu inashika huu. Inasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba."

"Uliona kwa macho yako, baba?" mwenzangu alimuuliza.

"Niliona. Tulipokuwa tunashuka Majanga, mji wa Bukini, meli ya ndege ilikuwa inazunguka nje ya bandari. Hizi za mabawa mawili zilipita juu yetu chini chini, unamwona rubani kichwa na miwani. Mmoja alitupungia mkono." Aligeuza picha kuelekea jua. "Sisi tuliiita Ilastirasi. Jina lenyewe la Wazungu sijui lilivyoandikwa. Ilikaa sana Kilindini, pale Mombasa. Watu wa kikosi cha kazi ndio walioipakia, magunia, makasha, mchana kutwa. Mabaharia waliwapenda kwa sababu walikuwa wanaimba."

Nilimuuliza kama alimjua mume wa shangazi. Alitazama uso ule kwa uangalifu, akatikisa kichwa. Alisema watu wa kikosi kile walisambazwa kwenye meli nyingi, wengine Bukini, wengine mbali zaidi, na si meli zote zilizofika. Hakuniongezea chochote ili kunifurahisha, nami nilimshukuru kwa hilo.

Nilirudi Lukozi nikamweleza shangazi yote: ndege, mashua, waya, maneno ya mzee wa Bungu. Nikamwambia pia nisichokijua, yaani meli iliyompoteza na mahali ilipozama. Alinisikiliza akimenya viazi, na hakuacha kumenya. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Mashua hiyo, mtu mwingine anaweza kuiona? Au ni macho ya shule tu?"

"Yeyote mwenye lenzi ataiona."

"Basi kesho twende Mlola."

Alivaa nguo za kanisani. Tulitoka alfajiri, tukapanda lori mpaka lilipoishia na kumalizia kwa miguu, naye ndiye aliyetangulia njia yote. Mdogo wake mume alikuwa amezeeka. Tulimkuta barazani anachambua maharage pamoja na mkewe. Nilimpa shikamoo, tukaulizana hali za nyumbani, za mazao, za wagonjwa, kama inavyopasa. Mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari. Shangazi alinigusa goti ninyamaze.

"Shemeji," alisema, "nimekuja na picha. Tazama mahali atakapokuonyesha huyu mtoto wa kaka yangu."

Nilimwekea lenzi. Nikamwongoza mkono. Alihangaika kupata kile kidoa, kisha nikamwona amekipata, kwa sababu lenzi iliacha kusogea.

"Ni mashua," alisema.

"Ni mashua," shangazi akaitikia.

Mzee aliendelea kutazama. Mkewe aliacha maharage. Kuku walikuja wakaanza kudonoa kwenye ungo, na hakuna aliyewafukuza.

"Nilikwenda Nairobi," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Hamjui. Niliwaambia nakwenda Tanga kutafuta kibarua. Nilikwenda mpaka uwanja wa ndege, nikasimama langoni siku baada ya siku, nikataja jina lake kwa kila aliyetoka. Hakuna aliyemjua. Nikarudi nikawaambia yuko."

Kisha akainua kichwa, akamtazama shangazi.

"Nilitaka awe Nairobi," alisema mzee. "Nairobi mtu anarudi."

Nilidhani shangazi atakasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa ujana wake wote ulioishia kwenye neno la mtu huyu. Badala yake alisogea kwenye mkeka, akachukua lenzi mkononi mwake taratibu.

"Na mimi nilitaka arudi, shemeji," alisema. "Lakini niliambiwa bahari."

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Akasema anakwenda kwa mchungaji kuuliza ni Jumapili gani kanisa linaweza kumwombea ndugu yake.

Ibada ilifanyika Mlola, na watu walijaa mpaka nje. Hapakuwa na jeneza, kwa hiyo picha iliwekwa juu ya meza mbele, imezungukwa na maua. Bwana Misitu na mwenzangu wa Bungu walikuja na gari la ofisi wakaleta lenzi mbili. Baada ya ibada watu walipanga mstari, wazee kwa watoto, kila mmoja akainama kuitazama ile mashua. Wale waliokuwa wakimhurumia shangazi kwa sauti walipanga mstari pia. Kwaya iliimba kwa Kishambaa. Shangazi alikuwa amevaa nguo nyeusi ya mjane kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliivaa kama mtu aliyepewa cheo. Alikaa kiti cha mbele karibu na shemeji yake, mgongo umenyooka, akipokea mikono ya watu. Mimi nilisimama ukutani. Sikulia, ingawa wengi walilia. Nilikuwa nimejaa fahari, nikaona aibu kuwa na fahari msibani, kisha nikamtazama shangazi nikaona na yeye anayo.

Kabla ya mwaka huo kwisha mwalimu wa shule ya msingi ya Lukozi alimwomba shangazi aje darasani kuwaeleza watoto habari za vita. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaenda naye, nikakaa dawati la nyuma. Hakujua kusoma wakati ule. Elimu ya watu wazima alianza mwaka uliofuata. Aliisimamisha picha juu ya meza ya mwalimu, akachukua kijiti cha kuonyeshea.

"Hii nene ni Matileti," alisema, "ni mbayuwayu. Hii ni Samaki Upanga. Haina kioo. Rubani kichwa nje, mvua ni yake, jua ni lake. Msimwite jodari, jodari ana kioo."

Watoto walirudia baada yake. Aliwaeleza waya na kulabu, akawaonyesha Kilindini kwenye ramani ya ukutani pale alipoonyeshwa na mwalimu asubuhi ile, akawaambia nani alipakia meli na kwamba walikuwa wanaimba. Msichana mmoja aliuliza kama watu waliobeba magunia nao walikuwa wanajeshi.

"Ndege zile zilikula nini?" shangazi akamuuliza. "Na wenye ndege walikula nini? Kuna mtu aliyebeba."

Kengele ilipogongwa mwalimu alimpa kabichi tatu kubwa kutoka shamba la shule, amezifunga kwa kamba ya mgomba. Tulipotoka nje nilinyoosha mikono nimpokee mzigo, maana njia ya kwetu ni kupanda mlima.

"Acha," alisema, akaziweka kichwani mwenyewe. "Hizi nimelipwa kwa kufundisha."